Barua ya wazi kwa wasimamizi wa maktaba: tarehe ya kurudisha ni ya msomaji anayesubiri

Kwenu wajumbe wa bodi, wakutubi wakuu na nyote mnaotunga kanuni za kuazima vitabu katika maktaba za umma,

YAH: FAINI ZA UCHELEWESHAJI NA MUDA WA KUAZIMA

Nilipokuwa darasa la sita niliazima kitabu cha ndege. Kilikuwa kikubwa, chenye picha za rangi, na ndani ya jalada la nyuma palibandikwa karatasi ya tarehe iliyojaa mihuri. Nilipewa siku 14. Kabla hazijaisha, shangazi aliyekuwa akinilea aliugua, tukaenda kukaa kwa ndugu ili auguzwe. Tuliporudi nyumbani kitabu kilikuwa kimechelewa siku 37. Nilichukua daftari la hesabu, nikazidisha faini ya siku moja kwa 37, na jumla niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko fedha yoyote niliyowahi kushika mkononi. Sikumwambia shangazi. Alikuwa ametoka hospitali na madeni yake mwenyewe. Kitabu nikakiweka chini ya godoro, na kila asubuhi niliamka nikijua kwamba deni limeongezeka usiku ule, nikiwa nimelala juu yake.

Kilikaa pale miaka minne, na miaka yote minne sikukanyaga maktaba.

Nilikirudisha nikiwa na fedha ya kibarua cha likizo. Mkutubi alikipokea, akafungua jalada la nyuma, akatazama ile karatasi. Mihuri ilishuka kwa safu, mmoja kila baada ya wiki mbili tatu, ukafika wangu, kisha pakawa patupu. Hakunigombeza. Alipitisha kidole polepole kwenye ile sehemu isiyo na muhuri, akaniuliza kama ndege nilikuwa nimewapenda. Faini niliyolipa siku ile nimeisahau ilikuwa kiasi gani. Ile sehemu tupu sijaisahau, kwa sababu nilielewa hapo hapo kwamba kila muhuri uliokosekana ni mtu aliyefika kwenye rafu ya ndege akakuta pengo.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa kanuni haikuvunjwa na mtumishi yeyote. Tarehe iliandikwa vizuri, hesabu ilikwenda sawasawa, kila mtu alitimiza wajibu wake. Faini iliwekwa ili kitabu kirudi, na ndiyo iliyokizuia kurudi.

Msidhani naomba ulegevu. Tarehe ya kurudisha naiheshimu, na naamini ni moja ya mambo mazuri ambayo watu wasiofahamiana wamewahi kukubaliana. Zamani, katika maktaba kadhaa za Ulaya, vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu zake. Maktaba ya kanisa kuu la Hereford, Uingereza, inayo minyororo hiyo hadi leo. Kitabu kilikuwa na gharama kubwa, na mnyororo ulihakikisha kwamba atakayekuja kesho atakikuta. Ila hakuna aliyeweza kukisoma kitandani, wala kumsomea mgonjwa, wala kukibeba safarini. Tarehe iliyogongwa muhuri inatimiza lengo lile lile la mnyororo, lakini kwa kumwamini msomaji: nenda nacho, kilaze kwako, ila siku fulani kiwe hapa, kwa sababu yupo mwingine. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alipotoa kanuni zake tano za ukutubi mwaka 1931, aliandika kwamba vitabu ni vya kutumiwa, kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake, na kwamba muda wa msomaji uokolewe. Muda wa kuazima unatokana na kanuni hizo moja kwa moja. Kitabu kimoja, wasomaji wengi, basi kila mmoja apate zamu.

Zamu ndilo neno ninalotaka mlishike katika barua hii. Mimi na yule anayesubiri hatujuani, na tarehe ni ahadi yangu kwake. Maktaba imekaa katikati kama shahidi.

Sasa tazameni faini inaifanya nini ahadi hiyo.

Nimewahi pia kuwa upande wa anayesubiri. Nikiwa masomoni nilihitaji kitabu cha takwimu ambacho maktaba yetu ilikuwa na nakala moja tu. Nilijiandikisha kwenye orodha ya kusubiri, nikawa wa kwanza. Tarehe ikapita. Wiki ya tatu ikapita, ya tano ikapita. Nilifanya mtihani wa nusu muhula kwa kunakili kurasa kutoka kwenye madaftari ya wenzangu. Kitabu kiliporudi nilikuwa nimesimama pale pale kaunta, nikamwona aliyekuwa nacho. Alitoa pochi, akalipa faini yote bila kuhesabu chenji. Nilishindwa kujizuia, nikamwambia kwamba nimekisubiri wiki tisa. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na ubaya wowote, akasema: “Si nimelipa?”

Sina kinyongo naye. Alisoma kanuni kama ilivyoandikwa. Maktaba ilimwambia bei ya siku moja ya kuchelewa, akaiona anaimudu, akanunua siku 40 na ushee. Alicholipa kilikwenda kwenye droo ya kaunta, na mimi niliyekosa zamu yangu sikupata hata maelezo.

Jambo hili limechunguzwa, japo si katika maktaba. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walifuatilia vituo 10 vya kulea watoto huko Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa na tabia ya kuchelewa kuwachukua watoto jioni, na walimu wakalazimika kubaki. Katika vituo sita iliwekwa faini ndogo kwa kila mzazi aliyechelewa zaidi ya dakika 10. Kila mtu angetarajia uchelewaji upungue. Uliongezeka, ukakaribia kuwa mara mbili ya ulivyokuwa. Na faini ilipoondolewa wiki kadhaa baadaye, wazazi hawakurudia hali yao ya mwanzo, waliendelea kuchelewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyekuwa akimsubiri mlangoni. Baada ya faini, alikuwa mteja.

Mtaniambia kituo cha watoto si maktaba, na faini ile ilikuwa ndogo mno. Ni kweli. Ongezeni basi faini iwe kubwa kiasi cha kuuma, na tuone itamuuma nani. Mwenye uwezo bado atalipa, huku akinung'unika. Asiye na uwezo atafanya nilichofanya mimi na godoro. Waswahili tumesema tangu zamani kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, na tulikuwa tukisema juu ya fedha. Inasikitisha kwamba mtoto anaweza kuyaona matanga hayo kwa sababu ya kitabu cha ndege.

Miji ya Marekani iliyojikagua imekuta hali hiyo hiyo. Chicago, kabla ya kufuta faini za ucheleweshaji Oktoba 2019, walihesabu kadi zilizofungiwa kwa sababu ya madeni. Katika kanda ya kusini ya jiji, yenye mitaa mingi ya watu wa kipato cha chini, mwenye kadi mmoja kati ya kila watatu alikuwa hawezi kuazima. Katika kanda ya kaskazini ilikuwa mmoja kati ya sita. Na katika jiji zima, kadi moja kati ya kila tano zilizofungiwa ilikuwa ya mtoto wa chini ya miaka 14. New York walipofuta faini Oktoba 2021, walikuwa na watu wapatao 400,000 ambao kadi zao zilikuwa zimefungwa kwa kudaiwa dola 15 au zaidi. San Francisco, waliofuta mwaka huo huo wa 2019, walikuta kwamba watu wa mitaa yote huchelewesha vitabu kwa viwango vinavyokaribiana. Tofauti ilikuwa katika kinachofuata: wa mitaa yenye fedha hulipa na kuendelea, wa mitaa isiyo nayo hufungiwa.

Mwezi Januari 2019 chama cha wakutubi cha Marekani kilipitisha azimio kwamba faini za fedha ni aina ya ukosefu wa usawa katika jamii, na nchini Ayalandi maktaba zote za umma ziliacha kutoza. Siwatajii hayo ili mwige kwa kuwa wengine wamefanya. Nawatajia kwa sababu hofu kubwa ninayoisikia, kwamba rafu zitabaki tupu, haikutimia huko. Chicago waliripoti kwamba wiki chache baada ya kufuta faini, vitabu vilivyokuwa vimepotelea majumbani vilianza kurudi kwa wingi kuliko kawaida. Mimi sishangai. Najua vilikuwa wapi.

Kuna hofu nyingine, ya mapato, nayo naipitia haraka. San Diego walipofanya hesabu waligundua kwamba walikuwa wakitumia karibu dola milioni moja kwa mwaka ili kukusanya dola 675,000 za faini. Kila maktaba ina hesabu zake na zenu zinaweza kuwa tofauti. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuniambia kwamba bajeti inategemea faini, na msisahau kuweka saa ambazo mkutubi hutumia kubishana na mzazi kaunta badala ya kumtafutia mtoto kitabu.

Kinachonisumbua zaidi ya fedha ni kwamba faini haitofautishi kitabu na kitabu. Kipo kitabu ambacho watu tisa wanakisubiri, na kipo ambacho hakijaguswa tangu karatasi yake ibandikwe. Nikichelewesha cha kwanza kwa siku kumi nimewanyima watu tisa. Nikichelewesha cha pili kwa siku kumi sijamnyima mtu yeyote. Pengine nimekipa kitabu siku kumi za kuishi. Mfumo wenu unatoza sawa. Hapo ndipo ninapoona kwamba faini imesahau ilizaliwa kwa ajili ya nani. Kama ingekuwa inamlinda anayesubiri, ingeuliza kwanza kama yupo.

Muda wenyewe wa kuazima nao umepewa kipimo kimoja kwa wote. Siku 14, au 21 kwa walio wakarimu, kwa kitabu cha picha kinachosomwa kwa robo saa na kwa historia ya kurasa 800. Siku zile zile kwa mwanafunzi aliye likizoni na kwa mama anayesoma kurasa nne usiku baada ya wote kulala. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akisema haazimi tena vitabu vinene, kwa sababu macho yake hayakimbii kama kalenda. Anachukua vyembamba, ingawa anavipenda vinene. Hilo halionekani katika takwimu zozote za uazimaji, kwa kuwa kitabu ambacho hakikuazimwa hakiachi alama.

Vitabu vya kielektroniki vimetuonyesha jambo, na nashangaa kwamba hatujalijadili. Siku ikifika, kitabu hujirudisha chenyewe. Hakuna anayechelewa na hakuna anayetozwa. Lakini foleni zipo, mara nyingi ndefu kuliko za karatasi, kwa sababu maktaba hulipia leseni, yaani ruhusa ya kuazimisha, na kwa leseni moja husoma mtu mmoja kwa wakati mmoja, na maktaba mara nyingi hununua leseni zenye kikomo. Kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins mwaka 2011 iliweka kikomo cha kuazimwa mara 26, baada ya hapo maktaba inunue upya. Basi hata pale ambapo faini haiwezekani kabisa, swali la zamu limebaki lile lile: nani anasoma sasa, nani anafuata, na kila mmoja apewe siku ngapi. Faini ilikuwa imelifunika tu.

Kwa hiyo naomba tuanze kwa anayesubiri, na kanuni zote zitokane naye.

Kitabu kisicho na mtu kwenye orodha kiongezewe muda chenyewe, bila msomaji kupiga simu wala kusimama foleni. Kiendelee kuongezewa hadi atokee anayekitaka, kwa ukomo mtakaouona unafaa ili vitabu visisahaulike majumbani. Siku anapotokea mtu, aliye nacho apate ujumbe, na ujumbe huo useme wazi: kuna msomaji anasubiri kitabu hiki, tunakiomba kabla ya tarehe fulani. Sentensi hiyo moja ina nguvu ambayo faini haina. Yule mwenzangu wa kitabu cha takwimu hakuwa mtu mbaya. Hakujua kwamba nipo. Hakuna aliyemwambia. Mfumo ulijua jina langu, ulijua lake, ukamtumia kiasi anachodaiwa.

Na akipuuza? Wapo watakaopuuza, sitawadanganya. Hapo kadi yake isimame hadi kitabu kirudi, na siku kinaporudi ifunguke. Hispania maktaba nyingi za umma hufuata njia inayofanana na hii: anayechelewesha hatozwi fedha, husimamishwa kuazima kwa muda kulingana na siku alizochelewa. Siku ya tajiri na siku ya maskini zina saa 24 zote mbili. Bado mimi ningependa adhabu hiyo iwekwe pale tu ambapo kweli kulikuwa na mtu anasubiri, kwa sababu kumzuia mtu kusoma ni jambo zito na lisifanywe kwa mazoea.

Nakubali kwamba ipo rafu moja ambayo ukali unahitajika: ile ya vitabu vya kozi vinavyoazimwa kwa saa mbili au kwa usiku mmoja, nakala moja na wanafunzi 60 wiki ya mitihani. Kuchelewa saa tatu pale ni kumfelisha mtu. Walioketi kaunta hiyo msimu wa mitihani wanaijua kuliko mimi, na kama wakisema kwamba bila faini ya saa hawawezi, nitawasikiliza. Ninachoomba ni kwamba ukali wa rafu hiyo usihamishiwe kwenye rafu ya hadithi za watoto.

Kitabu kilichopotea au kuharibika ni suala jingine kabisa, na inaniudhi linapochanganywa na la kuchelewa. Kilichopotea kilipwe. Ni mali ya wote, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini liwe deni la kitabu, lenye mwisho unaojulikana, linaloweza kulipwa kidogo kidogo au kwa kuleta nakala nyingine nzuri, na lifutike mara kitabu kinapopatikana nyuma ya kabati. Lisiwe deni linalokua mtu akiwa amelala.

Wakutubi wa kaunta, najua wengi wenu mmekuwa mkifuta faini kimyakimya kwa miaka. Mnamtazama mtoto usoni, mnatazama skrini, mnabonyeza kitufe. Nawashukuru, na naamini yule aliyenipokea mimi na kitabu cha ndege angefanya hivyo kama nisingekuwa nimekwisha kunyoosha mkono wenye fedha. Ila huruma ya kaunta inamfikia tu aliyethubutu kuja kaunta. Haikunifikia chini ya godoro. Ndiyo sababu nawaandikia wenye mamlaka juu ya kanuni, maana kanuni hufika hata kwa asiyekuja.

Ombi langu la kwanza halihitaji bajeti wala mfumo mpya. Katika kikao chenu kijacho, ombeni idadi moja isomwe kwa sauti: ni kadi ngapi katika maktaba yenu zimefungwa leo kwa sababu ya faini, na ngapi kati ya hizo ni za watoto. Itangazeni ubaoni, mlangoni, ambapo wote tunaona. Kisha tuzungumze juu ya madhumuni ya faini tukiwa na idadi hiyo mbele yetu.

Na kwa kila mtoto aliyemo katika idadi hiyo, mwandikieni barua fupi. Mwambieni deni limefutwa. Alete kitabu, hata kama kimekunjamana, hata kama ni miaka minne, na akiingia asiulizwe alikuwa wapi. Iandikeni kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuyasoma peke yake, bila kulazimika kumwita mtu mzima.

Wenu,
Msomaji mwenye kadi